Shira ya elderberi: ndoo ya jirani, mtoto wa miezi tisa na mamamkwe mwenye kisukari

Swali: Asalaam aleikum mfamasia. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, naishi Minneapolis mwaka wa tatu huu. Baridi ikianza, nyumba nzima hukohoa hadi Machi. Jirani yangu Mmarekani ana kichaka uani kwake, na wiki iliyopita aliniletea ndoo ya vitunda vyeusi. Akasema ni elderberi, nipike dawa tunywe kila siku, na hatutaugua tena. Nina mtoto wa miaka sita na mwingine wa miezi tisa, na mamamkwe ninayekaa naye ana kisukari. Nipike vipi? Nimpe nani, na kiasi gani? Na nikienda nyumbani Disemba, naweza kumbebea mama chupa mbili?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na ndoo. Kama iko chini jikoni na huyo wa miaka sita anapita akidonoa, iinue sasa hivi uiweke juu. Matunda hayo hayaliwi mabichi. Mbegu zake, na zaidi majani, vijiti na magome ya mti wenyewe, vina kemikali ambazo zikisagwa au kutafunwa hutoa sianidi, sumu ileile ya muhogo mchungu. Mtu wa pwani hapo hahitaji darasa. Sote tumelelewa tukijua kwamba muhogo mchungu hautafunwi shambani. Una utaratibu wake kabla ya kufika mezani. Elderberi ichukulie hivyo hivyo.

Agosti 1983, huko Monterey, California, watu waliokuwa kwenye mkusanyiko walinywa juisi ya elderberi za porini zilizopondwa pamoja na majani na vijitawi, bila kupikwa. Ndani ya dakika 15 wakaanza kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata na kizunguzungu. Waliougua walikuwa 11, na wanane kati yao wakapelekwa hospitali kwa helikopta. Mmoja tu ndiye aliyelazwa, naye alikuwa amekunywa bilauri tano. Wote walipona, alhamdulillahi. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu siku hizi watu wanatia matunda haya yakiwa yameganda kwenye blenda pamoja na ndizi na maziwa, wakidhani friza imeshafanya kazi ya moto. Friza haiondoi sumu hiyo.

Swali ambalo hukuuliza ni kama una hakika kwamba hiyo ni elderberi. Simtilii shaka jirani, lakini nenda uani kwake ukauone mti wenyewe kabla ya kuwasha jiko. Tunda hili halina jina la Kiswahili maana si letu. Si zambarau, ingawa linatia ulimi rangi ileile, wala si forosadi. Ni vitunda vya ukubwa wa punje ya pilipili manga, vyeusi vya kuelekea zambarau, vimekaa kwenye vishada bapa kama mwavuli. Shina ni la mti, lina magome yenye vinundu vidogo kama chunusi, na ukivunja kitawi utaona ndani moyo mweupe laini. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kila jani limegawanyika vijani vitano hadi tisa vyenye kingo za meno ya msumeno.

Ukikuta matunda yamejipanga kwenye mkia mrefu unaoning'inia, shina nene la rangi ya waridi iliyokolea, na majani mapana yasiyogawanyika, huo ni mmea uitwao pokeweed na ni sumu, upike usipike. Ukikuta mmea wa majimaji wenye shina lenye uwazi ndani na maua meupe ya mwavuli, usiuguse kabisa. Huenda ni water hemlock, mmoja wa mimea yenye sumu kali kuliko yote Amerika Kaskazini, na Minnesota upo. Wenyewe hauzai matunda ya majimaji. Hatari yake ni kwa anayechuma maua au majani akidhani ni elderberi. Kuna pia elderberi nyekundu, ambayo huiva mapema zaidi wakati wa kiangazi. Hiyo waachie ndege. Ukibaki na shaka, piga picha jani, shina na kishada, uwapelekee huduma ya ugani ya University of Minnesota, au mwaga ndoo yote. Makavu yanauzwa madukani na hayana fumbo.

Tuseme ni yenyewe. Kazi ya kwanza ni kuambua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaishia kutupia vishada vizima sufuriani, vijiti na vyote. Usifanye hivyo. Vishada vilaze kwenye friza usiku mmoja, kesho yake vitikise juu ya bakuli. Matunda yakiganda huachia yenyewe kama punje za mahindi makavu, na yaliyogoma unayachana kwa uma. Toa yote ya kijani na mekundu, hayo hayajaiva. Kisha mimina maji juu yake: mabivu yatazama, mabichi na takataka vitaelea, nawe utavimwaga. Utaona chombo kimeshika utomvu wa kijani unaonata ambao sabuni haiuwezi. Pakaza mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo utie sabuni. Hilo nililijua baada ya kuharibu sponji tatu.

Kwa nusu kilo ya matunda yaliyoambuliwa, tia vikombe vitatu vya maji, yaani kama mililita 700. Tia kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kipondwe kwenye kinu, usikikwangue kwa sababu nyuzi zake zitakusumbua wakati wa kuchuja. Kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu tano. Karafuu usizidishe hata kama umeletewa za Pemba zenyewe, maana zikizidi zinatia ganzi ulimi na nyumba inanuka kama kwa daktari wa meno. Ukiishiwa na matunda mabichi ukanunua makavu, gramu 100, ambazo ni kikombe kimoja hivi, zinatosha kwa lita moja ya maji. Ziloweke nusu saa kabla ya kupika.

Chemsha mpaka itokote, kisha punguza moto iendelee kutokota polepole kwa dakika 45. Sufuria ibaki wazi, na feni ya jiko iwe inafanya kazi au dirisha limefunguliwa kidogo, hata kama nje ni baridi ya Minnesota. Ile sumu huvunjwa na moto na kuondoka na mvuke, sasa ukifunika unauzuia mvuke usitoke. Dakika kumi za mwanzo harufu haivutii, ni kama majani yaliyolowa na mvua. Usiogope. Matunda yatapasuka, povu la zambarau litapanda, yaponde kwa mwiko. Ikikaribia nusu saa harufu inageuka, tangawizi na mdalasini vinatawala, na utasikia mtu anauliza kutoka chumbani unapika nini. Ikibaki kama vikombe viwili, ipua.

Chuja kwa kitambaa safi. Kile cha kuchujia tui kinafaa, ila ujue hakitarudi kuwa cheupe. Kamua ukivaa glavu, makapi yatupe. Hapa simama kidogo: kabla ya kutia asali, pima nusu kikombe uiweke kando kwa ajili ya mamamkwe, nitaeleza baadaye. Iliyobaki ngoja ipoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie asali robo tatu ya kikombe na juisi ya malimau mawili, ukoroge. Haitakuwa nzito kama shira ya kaimati. Itakuwa nyepesi, ya zambarau iliyokolea, chachu kidogo, na inashika koo vizuri.

Mapishi mengi ya Kizungu yatakwambia utie brandi au vodka ili isiharibike. Huna haja nayo, friji inatosha. Na kama utajaribiwa kununua zile pipi laini za elderberi, geuza kopo usome. Baadhi zimetengenezwa kwa jelatini na huwezi kujua ya mnyama gani. Zipo za pektini pia, ya matunda, hizo hazina shida.

Chupa ziwe za kioo, zimechemshwa, na shira ikae kwenye friji wiki mbili. Mimi mwenyewe sivuki tatu. Ziada igandishe kwenye trei ya barafu, kisha vibonge vitie kwenye mfuko wa friza, utakuwa unatoa kimoja kimoja hadi Machi. Mwaka wangu wa kwanza wa kupika kitu hiki nilijifanya najua. Niliacha chupa moja juu ya kabati, nikaisahau siku tisa. Nilipoifungua kizibo kiliruka kama cha soda iliyotikiswa na dari ya jikoni ikapigwa rangi ya zambarau. Nyumba yenyewe ni ya kupanga. Nilipaka chokaa mara mbili na doa bado linaonekana jioni taa ikiwashwa.

Hiyo ilikuwa hamira tu, ilichacha. Kibaya zaidi ni kile kisichojionyesha. Utaona watu wanaifunga moto kwenye mitungi ya vioo ya kuhifadhia, wanaiweka kabatini mwaka mzima. Elderberi ya Amerika haina uchachu wa kutosha kwa kazi hiyo. Kipimo cha pH kinachogawa vyakula salama na visivyo salama ndani ya chupa isiyo na hewa ni 4.6, na tunda hili mara nyingi linakaribia hapo au kuvuka. Juu ya mstari huo bakteria wa botulini anaweza kukua na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Malimau mawili ni ya ladha, hayakulindi na hilo.

Sasa ahadi ya jirani kwamba hamtaugua tena. Hapo amezidisha chumvi, ingawa hakuitoa hewani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mdogo kutoka Norway: watu 60 wenye influenza, waliopewa shira ya elderberi mililita 15 mara nne kwa siku kwa siku tano walipata nafuu kwa wastani siku nne mapema kuliko waliopewa shira bandia, yaani ya kufananisha tu, isiyo na elderberi. Habari hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Mwaka 2016 watafiti wa Australia waliwafuatilia abiria 312 wa ndege za masafa marefu. Idadi ya waliopata mafua haikutofautiana kwa maana yoyote, ila waliotumia elderberi waliugua kwa siku pungufu kidogo, yaani walipona mapema. Halafu mwaka 2020 ukaja utafiti wa Cleveland Clinic, wagonjwa 87 wenye influenza iliyothibitishwa kwa kipimo, na hakukuwa na tofauti yoyote kati ya elderberi na dawa bandia. Yote hayo yalitumia shira au vidonge vya kiwandani vyenye kipimo kimoja. Ya sufuria yako kila mara itakuwa na nguvu tofauti. Ndiyo maana ukiniuliza dozi ya ya nyumbani, sina ya kukuapia.

Chenye ushahidi mzuri zaidi ndani ya chupa yako ni ile asali. Utafiti wa Pennsylvania wa mwaka 2007, wenye watoto 105 wa miaka 2 hadi 18, ulionyesha kwamba waliopewa asali kabla ya kulala walipungua kukohoa na kulala vizuri zaidi kuliko wasiopewa kitu. Bibi zetu walikuwa na tangawizi, asali na ndimu, na kwa kikohozi cha usiku hawakuwa mbali na ukweli. Wewe sasa umeongeza tunda lenye rangi nzuri.

Na asali hiyohiyo ndiyo inayonifanya nikwambie huyu wa miezi tisa asionje hata tone. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali kwa namna yoyote: si kwenye shira, si kwenye chuchu ya bandia, si ya kulambishwa ulimini kama wanavyofanya wengi kwetu mtoto akizaliwa. Asali inaweza kubeba mbegu za yuleyule bakteria wa botulini. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga bado, na zikichipua humlegeza mtoto misuli mpaka kunyonya na kupumua kunamshinda. Usidanganyike kwamba ukiichemsha itakuwa salama, mbegu hizo hazifi kwenye maji yanayochemka. Na usimpikie ya sukari badala yake. Elderberi haijachunguzwa kwa watoto wa umri huo. Yeye pua ikiziba, mtilie matone ya maji ya chumvi ya dukani, mvute kamasi, mnyonyeshe mara kwa mara. Wewe unaweza kula asali unavyotaka, haimfikii kwa njia ya maziwa. Ila kama bado unanyonyesha, shira hii ya kila siku nakushauri uiache, kwa sababu usalama wake kwa anayenyonyesha haujapimwa vya kutosha. Chai yako ya tangawizi itakutosha.

Wa miaka sita, kama ni mzima na hana dawa anazotumia, akikohoa usiku mpe kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, kisha apige mswaki. Usimpe kila siku msimu mzima akiwa hana kitu. Na akiwa na homa usimpe aspirini hata siku moja. Kwa mtoto mwenye influenza inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini.

Mamamkwe, shikamoo yake nyingi. Kwa kipimo nilichokupa, kijiko kikubwa kimoja cha shira kina kama gramu sita za sukari ya asali. Akinywa vinne kwa siku kwa kuwa “ni dawa”, ni gramu 24, sawa na vijiko sita vya chai vya sukari, na atashangaa kipimo cha asubuhi kimepanda na yeye hakula mkate. Ndiyo maana nikakwambia umtengee nusu kikombe isiyo na asali. Amimine kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji moto, akamulie ndimu, anywe kama chai. Hiyo isiyo na asali huharibika upesi zaidi, iishe ndani ya wiki. Na awaambie wanaomtibu kwamba anaitumia, maana akiwa na dawa nyingine, hasa za presha zinazotoa maji mwilini, wao ndio wenye orodha kamili. Kama nyumbani yupo aliyepandikizwa figo au anayetumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, huyo asiiguse kabla ya kumuuliza daktari wake.

Kitu ambacho kingewapunguzia ugonjwa zaidi ya ndoo kumi za jirani ni chanjo ya influenza. Marekani hutolewa kwa kila aliyetimiza miezi sita, kwa hiyo hata huyo wa miezi tisa anaipata, na kwa kuwa ni mara yake ya kwanza atachomwa mbili, ya pili ikiwa angalau wiki nne baada ya ya kwanza. Mamamkwe kwa umri wake na kisukari yuko mstari wa mbele. Akipata homa ya ghafla, mwili kuuma na kikohozi, msikae nyumbani mkihesabu vijiko. Ipo dawa ya kupambana na virusi hivyo, oseltamivir, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Kwa mtoto, akihema mbio, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au akikaa saa nyingi bila kulowesha nepi, ni hospitali usiku huohuo.

Na zile chupa mbili za mama. Utaondoka Minneapolis, utabadilisha ndege, utafika Mombasa baada ya zaidi ya siku nzima, na sanduku lisilo na friji likisubiri kwenye joto la uwanja wa ndege wa Moi. Asali yake haifiki theluthi ya chupa, haitoshi kuihifadhi. Itafika imechacha, na yale yaliyonipata mimi kwenye dari yatazipata nguo zako za sherehe. Matunda makavu nayo ni mazao ya mimea, na Kenya mazao hayo yako chini ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ambao utalazimika kuwauliza kabla ya kupakia. Mimi ningemwacha mama na tangawizi yake na asali ya soko la Kongowea, na nafasi ya zile chupa nikamwekea soksi nzito na mafuta ya kupaka kifuani. Yeye naye atakupa karafuu za kurudi nazo, na za Minneapolis zitakuwa zimekuishia.